Saa Iliyosahau Asubuhi

Hapo zamani, si ile zamani ya wanyama kusema, zamani hii ya karibu tu, watu walipokwisha kuanza kuzama na saa mkononi, walikuwako wazamiaji wawili, Ussi na Siwema. Kazi yao ilikuwa kufunga minyororo ya maboya kwenye mlango wa mwamba, ili vyombo vijue pa kupita. Fundi wa vifaa vyao aliitwa Vuai. Mwenye kikosi, Bi Zuwena. Watu wanne, basi. Wa tano msinitafutie.

Kwanza ijueni saa, la sivyo mtanibishia bure. Mtu akizama na chupa ya hewa mgongoni, ile hewa humwingia mpaka ndani ya nyama. Akikaa chini kupita kiasi kisha akapanda, hewa hiyo hufanya povu mwilini kama soda iliyotikiswa, na povu likimkaa kwenye uti wa mgongo, miguu hufa. Sasa saa ile huandika yote: umezama mita ngapi, umekaa dakika ngapi, umepumzika nchi kavu muda gani. Ukirudi majini mara ya pili, inakumbuka ya mara ya kwanza, inapiga hesabu, inakwambia zimebaki dakika kadhaa, zikiisha panda. Sawa? Tuendelee.

Kikosi kilikuwa na sheria tatu, Bi Zuwena kaziandika ukutani kwa rangi nyekundu. Iamini saa, usiuamini mwili wako. Saa mbili zikitofautiana, fuateni iliyo kali, yenye dakika chache. Usimwache mwenzako chini. Ya nne haikuandikwa, lakini hakuna asiyeijua: aliyemuumiza mwenzake hutoka majini, akawa miguu ya yule mgonjwa mpaka atakaposimama. Aliyejiumiza mwenyewe, shauri yake.

Siku hiyo asubuhi Ussi na Siwema walizama pamoja, mita thelathini, wakapanda pamoja. Saa zote mbili zikaandika vilevile. Adhuhuri wamekaa wanakula. Vuai akaja na saa ya Ussi mkononi.

"Ussi, betri ya hii inakwisha. Nibadilishe?"

Ussi mdomo umejaa muhogo. "Badilisha, ami. Unaniuliza mimi, fundi nani?"

Vuai akabadilisha. Saa ikazima, ikawaka, nzuri, inang'aa. Wala hakuna aliyejua kwamba saa ya aina ile ukiitoa betri, inasahau. Imeamka kama imezaliwa leo. Asubuhi yote imefutika, na kwake yeye Ussi hajagusa maji. Kijitabu cha maelezo kilisema hivyo ukurasa wa sitini na kitu. Kijitabu chenyewe kilikuwa chini ya mguu wa meza, kimekunjwa mara nne ili meza isiyumbe.

Alasiri wakarudi chini, mita ishirini na nne. Siwema akatazama saa yake: dakika kumi na mbili. Ussi akatazama yake: dakika ishirini na nane.

Kumi na mbili zikaisha. Siwema akamwonyesha Ussi kidole gumba juu, yaani tupande. Ussi akamwonyesha saa. Siwema akamwonyesha yake. Ussi akaigonga ile ya Siwema kwa ukucha, pale kioo kilipokuwa na ufa, akatikisa kichwa. Pingu moja, kile chuma cha kuungia mnyororo, ilikuwa bado kufungwa. Siwema akaonyesha juu mara ya pili. Ussi akageuka, akashika spana. Siwema akapanda peke yake.

Ussi alikaa dakika ishirini na sita. Akafunga pingu. Akapanda taratibu, akasimama mita tano akangoja, kama anavyotakiwa. Alipofika kwenye boti akasema, "Mbona miguu yangu imekuwa ya mtu mwingine?" Hakusimama tena.

Akapelekwa mjini, akaingizwa kwenye lile tangi la kutibu wazamiaji mara ya kwanza na mara ya pili. Daktari akasema huenda atatembea, huenda asitembee, wangoje. Akarudishwa nyumbani kwa mama yake, bibi wa kilo arubaini, naye Ussi ana tisini.

Bi Zuwena akawaita wote barazani kwa Ussi. Saa mbili zikaunganishwa na kompyuta, zikatoa michoro yao; kijitabu nacho kilikwisha kuchomolewa chini ya meza, kikasomwa. Mchoro wa Siwema: safi. Mchoro wa Ussi: safi, tena wa kufundishia, ila asubuhi haimo.

"Sielewi," Bi Zuwena akasema. "Makaratasi haya yananiambia hakuna aliyekosa. Na mtu huyu hapa mbele yangu hawezi kusimama."

Siwema akasema, "Nilimwonyesha mara mbili. Nimburute, Bi Zuwena? Ningebaki, leo mngekuwa na vilema wawili."

"Ulimwacha chini," Vuai akasema.

"Na wewe uliifuta asubuhi yake, ami."

"Nilimuuliza! Akaniambia badilisha. Na Bi Zuwena huyu alinifokea juzi, betri isije ikamfia mtu chini. Nimefanya nilivyoambiwa. Yeye Ussi alijua kwamba asubuhi alizama. Saa imesahau, na yeye kasahau?"

Ussi kalala mkekani, kakunja mkono juu ya macho. "Sikusahau. Lakini mmeniandikia ukutani niiamini saa, nisiuamini mwili. Nimeiamini. Ile kali ilikuwa na ufa, nikaona imeharibika."

"Sheria haikusema kali isiyo na ufa," Siwema akamjibu.

"Haikusema. Na meza yenu, Bi Zuwena, ilikuwa haiyumbi kabisa."

Wote wakamgeukia, maana aliyekikunja kile kijitabu kukitia chini ya meza alikuwa Bi Zuwena mwenyewe.

Wakaanza upya. Wakimshika Vuai, anaponyoka, wanamshika Siwema. Siwema anaponyoka, wanamshika Bi Zuwena. Bi Zuwena anaponyoka, wanarudi kwa Ussi na sheria zao za ukutani. Mpaka Ussi akatoa mkono usoni.

"Jamani, mie sitaki kumshinda mtu. Mama hawezi kuninyanyua. Nataka kujua jambo moja tu. Kesho alfajiri nikitaka kwenda msalani, niite jina la nani?"

Nami nimewaeleza kama ilivyokuwa, sikupunguza, sikumpendelea mtu. Haya, ninyi mnaojua kuhukumu, msiniangalie mimi. Kesho alfajiri Ussi ataita. Je, nani anastahili kuwa miguu yake?