Kibuyu cha Nakijwa na Zimwi la Mvua

"Niwape hadithi, nisiwape?"

"Tupe, tuipokee."

"Nyepesi au nzito?"

"Nzito, tusaidiane kuibeba."

Hapo kale, huko milimani, palikuwa na Zimwi lililojiita mwenye mvua. Kila msimu wa kuanika ulezi lilishuka kijijini kudai mbuzi, nyumba kwa nyumba. Asiyetoa, lilisema, ulezi wake utanyeshewa uoze. Watu wakatoa, wakatoa, wakatoa, hata mazizi mengi yakabaki samadi tupu.

Kijijini hapo aliishi mjane aitwaye Nakijwa, mwenye watoto watatu na mbuzi mmoja wa maziwa. Mwaka mmoja alitia mbegu kibuyuni, akafunika mdomo kwa ngozi nyembamba ya kibofu cha mbuzi, akaziba kwa nta wadudu wasiingie, akakiweka nyuma ya mtungi wa maji, penye ubaridi. Akaona jambo. Siku ngozi ilipovimba, mvua ilinyesha. Siku ilipobonyea, jua liliwaka. Akatazama msimu wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ikawa vile vile.

Akawaza: hewa ya ndani nimeifunga, haiendi popote. Basi inayobadilika ni ya nje. Ikituelemea kwa uzito, huibonyeza ngozi, na mbingu hutakata. Ikilegea, ile ya ndani huisukuma ngozi juu, na mvua iko njiani.

Zimwi likaja.

"Mbuzi."

"Sitoi."

"Nitakunyeshea."

"Sitoi."

"Watoto wako watalala njaa."

"Sitoi. Na leo hapanyeshi, utake usitake."

Mzee Mbonea, mkuu wa kijiji, alimsihi atoe, wasije wakaadhibiwa wote. Nakijwa akakiri kwamba hata yeye anaogopa, ila mbuzi hatoi. Ngozi asubuhi ile ilikuwa imebonyea. Akaanika ulezi wake, na jua likawaka kutwa.

Zimwi likasema limemhurumia tu. Siku ya tatu likatangaza kwamba waliotoa mbuzi watapata jua hadi magharibi, waanike bila wasiwasi. Nakijwa akaenda nyuma ya mtungi. Ngozi imevimba kama shavu la mtoto mwenye tonge.

Akapita nyumba kwa nyumba akiwaambia waanue. Wakamcheka, maana mbinguni hapakuwa na wingu. Mzee Mbonea akamuuliza ana hakika gani. Nakijwa akamwingiza ndani, akakiweka kidole cha mzee juu ya ngozi ile, akamweleza. Mzee akatoka, akaanza kuanua ulezi wake. Hapo wote wakaanua.

Adhuhuri mvua ikashuka kwa kishindo. Wakapanda mlimani kulihoji Zimwi wakiwa wamelowa, Nakijwa mbele. Wakalikuta Zimwi likikimbia huku na huku, likiokota ngozi za mbuzi wao lilizokuwa limezianika juu ya mawe yote. Zote zilikuwa chapachapa.

Nakijwa akasema, "Kama mvua ni yako, mbona hukuwa na habari nayo?"

Zimwi likazitupa ngozi zile. Likatelemka upande wa pili wa mlima, na halikudai tena mbuzi wa mtu.

Basi, anayekutoza kwa kitu kisicho chake, mkatalie, kisha kichunguze mwenyewe.

Hapa ndipo nilipoikuta, hapa ndipo ninapoitua. Aliyesinzia asiniulize mimi. Amuulize aliyekuwa akimkanyaga ili aamke.