Nyongeza ya Bi Pimbi

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama walipokuwa bado wanatandika vitanda na kuombana chumvi dirishani, palikuwa na mji mmoja wenye maduka mawili. Wewe uliye nyuma, sogea karibu. Hadithi hii siirudii.

Duka la kwanza lilikuwa la Bwana Nyati. Lilikuwa na sakafu ya vigae, rafu za vioo, na mnyama wa kukufungulia mlango na kukuinamia. Unga wa Bwana Nyati ulikaa kwenye mfuko wa karatasi ya dhahabu wenye picha ya pembe zake. Bei yake iliwakausha wengi mate.

Duka la pili lilikuwa la Bi Pimbi, kule kwenye majabali. Mnamjua pimbi? Mdogo kama sungura, masikio mafupi, macho hayatulii. Dukani kwake hapakuwa na rafu. Bidhaa zilikaa kwenye maboksi yaleyale yaliyozileta. Unachota mwenyewe, unatia kwenye kikapu ulichotoka nacho nyumbani, unaondoka. Kwa kuwa Bi Pimbi hakununua vioo wala karatasi ya dhahabu, bei yake ilikuwa nusu.

Mngedhani wanyama wangemshukuru. Wapi! Nendeni kisimani mkawasikie.

"Maharage ya Pimbi yana mawe," alisema Mama Twiga, akinyoosha shingo ili wote wamwone. "Mimi meno yangu nayapenda."

"Na sabuni yake haina povu," akasema Mama Kiboko. "Unasugua, kwaru, kwaru, kwaru, nguo inakutazama tu. Halafu zile biskuti zake, zote zimevunjika."

Bi Kanga akatua ndoo yake. Huyu alikuwa na vifaranga wengi hata majina yao huyachanganya. "Biskuti zimevunjika, shoga, hilo sikatai. Lakini zikifika tumboni si zinavunjika tu? Wanangu wanakula vya Bi Pimbi na wananenepa. Kizuri chajiuza."

"Rahisi ghali," alisema Mama Twiga. Mazungumzo yakaishia hapo, kwa sababu neno likitoka kule juu ni vigumu kulijibu.

Lakini kulikuwa na jambo la ajabu. Maboksi ya Bi Pimbi yalikuwa yanaisha kila siku. Bi Kanga peke yake angeyamalizaje? Bi Pimbi alijua nani anakuja alfajiri amejitanda khanga mpaka puani, na alinyamaza. Muuzaji mwenye adabu hatangazi kikapu cha mteja wake.

Bwana Nyati naye hakupenda duka lile liwepo. Akaenda kwa Jumbe Kifaru, mkuu wa mji, ambaye macho yake yalikuwa hafifu na hasira zake ziko karibu. Jumbe akaita mkutano uwanjani.

"Jumbe," alisema Bwana Nyati, "vitu vya Pimbi vinaumiza matumbo ya raia zako. Duka lile lifungwe."

"Nani ameumwa?" aliuliza Jumbe.

Wanyama wakatazamana. Kusema umeumwa ni kukiri kwamba ulinunua, na hakuna aliyetaka kuonekana ananunua kwenye maboksi.

"Sisi hatuendi kule, Jumbe," alisema Mama Twiga. "Ila tumesikia."

"Tumesikia," wakaitikia wote.

Jumbe akapiga mguu chini, puu! "Basi lifungwe leo, kabla jua halijatua."

Bi Kanga akaanza kulia. "Sasa wanangu nitawalisha nini? Kwa Bwana Nyati mimi nanunua harufu tu."

Bi Pimbi moyo wake ulikuwa unadunda, du, du, du. Duka lile ndilo lililokuwa chakula chake na paa lake, na hakuwa na kingine duniani. Aliogopa kweli. Lakini uoga wa pimbi huenda miguuni kwanza, kisha hupanda kichwani ukawa akili. Akasogea mbele akainama.

"Shikamoo, Jumbe."

"Marahaba. Usinililie hapa."

"Silii. Nimekubali kufunga. Ila Jumbe unaijua desturi yetu ya soko. Ukinunua maharage, muuzaji anakuongezea konzi moja juu, ndiyo nyongeza. Mimi kwa kuuza bei ya chini sikuwahi kumpa mtu nyongeza hata siku moja. Sasa nikifunga duka bila kutoa nyongeza za watu, wazee wangu walioko chini ya majabali watanielewaje?"

Jumbe akatikisa pembe. "Desturi ni desturi. Toa nyongeza, kisha ufunge."

"Ahsante. Aliyechukua kingi nitamwongezea kingi, aliyechukua kidogo, kidogo. Ila aliyekuta vitu vyangu vibaya nitamwacha. Kumwongezea mtu kitu kibaya ni kumtukana. Kwa hiyo kila mmoja aje hapa, aseme alichukua nini na kama kilimfaa. Mkimaliza wote kusema, nitapima."

Akaenda, akarudi akikokota magunia, kwaa, kwaa, kwaa, akayapanga katikati ya uwanja. Unga, maharage, mchele, sabuni. Wanyama wakayatazama yale magunia, na mate yakaanza kuwajaa.

Bi Kanga alikuwa wa kwanza. "Unga na biskuti. Vilinifaa, Mungu anajua."

Kisha shingo ndefu ikashuka taratibu. "Ni, ni maharage kidogo tu," alisema Mama Twiga. "Yanaiva haraka, tena mchuzi wake mzito."

"Na mawe?" aliuliza Bi Pimbi kwa upole.

"Mawe niliyasikia tu."

Mama Kiboko akajitokeza na karai tayari mkononi. "Sabuni. Mimi mwili wangu ni mkubwa, mnauona, ningeipata wapi nyingine? Povu lake hujaa karai zima."

Baada ya hapo ikawa msukumano. Wenye ndoo, wenye sufuria, wenye mito ya kulalia waliyoitoa pamba. Katikati yao akapita Mama Kifaru, mke wa Jumbe mwenyewe.

"Wewe unakwenda wapi?" aliuliza Jumbe.

"Kudai nyongeza ya unga, mume wangu. Ule wa uji unaousifia kila asubuhi."

"Si uliniambia ni wa Bwana Nyati?"

"Nilikuwa naumimina kwenye mfuko wake wa dhahabu ili ushuke vizuri."

Bwana Nyati alikuwa amesimama pembeni anatazama magunia, na roho ikawa inamuuma. Aliyechukua kingi atapewa kingi! Akajikaza, akakohoa, akageuka kutazama miti. Hakuweza. Akaja mbio, gabu gabu gabu, akawapiga wenzake vikumbo.

"Na mimi je? Hapa hakuna aliyechukua kingi kuliko mimi. Mtumishi wangu Ngiri anakuja kila Jumatatu na mkokoteni!"



"Anakuja kuchukua nini, Bwana Nyati?" aliuliza Bi Pimbi.

"Unga."

"Na ulikufaa?"

"Sana. Tangu niutie kwenye mifuko yangu, hakuna mteja aliyewahi kulalami..." Akajiuma ulimi. Lakini neno lilikwisha kutoka, na neno likitoka halina njia ya kurudi.

"Kumbe wa dhahabu ni huuhuu wa boksi!" alisema Mama Twiga. Bi Kanga akaanza kucheka, vifaranga wakacheka, mwisho hata Jumbe akacheka mpaka macho yakamtoka machozi.

"Duka la Pimbi halifungwi," alisema alipopata pumzi. "Uji wangu nitautoa wapi?"

Wanyama wakashangilia, wakanyoosha ndoo na makarai. "Haya, Bi Pimbi, tupimie!"

Bi Pimbi alikuwa tayari anafunga midomo ya magunia kwa kamba. "Niwapimie nini, jamani? Ile ilikuwa nyongeza ya kufunga duka. Na Jumbe kasema duka halifungwi. Karibuni kesho, na msije mmejifunika nyuso, nawajua wote kwa miguu."

Akaondoka na mali yake yote bila kupungua punje, isipokuwa kikapu cha biskuti zilizovunjika alichowaachia vifaranga wa Bi Kanga.

Basi hadithi nimeipeleka mpaka mlangoni kwake, nami narudi: bei ndogo si aibu, aibu ni kula kitu kwa siri na kukitukana hadharani.