Nani Alimpata Skola?

Kazi ni moja, wanaoitaka ni watatu, wote wana digrii, na wote wameitolea jasho sawasawa. Utampa nani? Usijibu bado. Nchi hii tumezoea kujibu haraka, hasa mambo ambayo hatujaulizwa. Kaa kwanza usikie kazi yenyewe ilipatikanaje.

Palikuwa na watu watatu ambao Mungu aliwapa vipawa, na waajiri wakawapa "asante kwa kutuma maombi, tutakupigia."

Wa kwanza alikuwa Kibiwott wa Eldoret, mwenye sikio. Alisomea muziki. Ungempigia simu ukiwa sokoni, angekuambia umesimama karibu na kinyozi, na kwamba mashine ya huyo kinyozi inataka mafuta.

Wa pili alikuwa Gathogo wa Nyahururu, mwenye ulimi. Alisomea biashara, na bidhaa pekee aliyowahi kuuza ni maneno. Alimpigia mtu asiyemjua kabisa, na kabla dakika tatu hazijaisha mtu huyo alikuwa anamweleza ugonjwa wa ng'ombe wake na sababu ya kutosalimiana na shemeji.

Wa tatu alikuwa Metrine Nasambu wa Webuye, mwenye jicho. Jiografia, second class upper, kama kuna anayejali. Ungemwonyesha picha ya ukuta, angekuambia udongo wa yale matofali ulichimbwa wapi. Miaka minne tangu avae joho, alikuwa anashinda kwenye saiba moja, duka la intaneti, akiwapigia watu chapa CV. Hebu fikiria: kutwa nzima unapanga sifa za wenzako vizuri, wanakwenda wanaajiriwa, na wewe umebaki na kiti cha plastiki.

Watatu hawa hawakuwahi kuonana uso kwa uso. Walijuana kwenye kundi la Facebook lililoitwa Wapelelezi wa Bando, watu elfu arobaini, wenye muda mwingi kuliko vocha. Walitafuta waliopotea: watoto, wazee, pikipiki, mara moja moja waume za watu. Kundi lilikuwa na sheria moja, na ilizaliwa na uchungu. Mwaka uliotangulia Metrine alimgundua mzee aliyepotea, kwa kutazama tu picha ya daraja. Akampelekea habari mtu mmoja wa runinga kwa inbox, kiheshima. Jioni yule mtu akaisoma habari ile kama aliyeiota yeye. Tangu siku hiyo admin akaandika juu kabisa: "Ukipata kitu, kiweke hadharani, na jina lako kamili chini yake." Watu wakapiga makofi. Aliyesoma akakosa ajira hana shamba wala duka. Ana jina tu, na hata hilo linaibwa.

Jumatatu moja akaingia Bwana Makokha, mwenye kinu na stoo tatu za mahindi katika mji mmoja kule juu. Aliingia live, ameshika leso ya mkewe, machozi yanatiririka mpaka kwenye kola. Mkewe, Scholastica Nanjala, mwalimu wa chekechea, alikuwa ametoweka siku tisa. Watu wake walimwita Skola.

"Ndugu zangu, nimelala kwenye benchi za polisi mpaka mgongo umekataa," akasema. "Nimebaki na Mungu na nyinyi."

Akawachezea sauti ambayo Skola alimtumia mdogo wake. Aliipataje kutoka kwenye simu ya shemeji? Hakuna aliyeuliza. Sauti yenyewe ilikuwa fupi: "Mimi niko salama. Nakula vizuri. Msinitafute, tafadhali. Msinitafute."

Kundi likawaka.

"Hapo anasomeshwa! Sikieni anavyopumua."

"Mbona arudie mara mbili? Kuna kisu shingoni, mark my words."

"Mke wa mtu mwenye stoo tatu akimbie nini? Ametekwa huyo."

Mama mmoja akaandika, "Au labda amesema anachotaka kusema?" Alichekwa mpaka akafuta. "Madam, umetumwa na watekaji?" wakamuuliza.

Ndipo Makokha akapangusa macho, akasema neno lililowafanya wasomi waketi wima: "Atakayenipatia mke wangu nitamwajiri. Si kibarua. Meneja wa stoo, kazi ya kudumu. Barua, payslip, bima ya afya."

Metrine alirudisha video nyuma akasikiliza kipande hicho mara sita.

Sikio likaanza. Kibiwott alivaa spika za masikio, moja ilikufa zamani, akaisikiliza sauti ya Skola siku nzima. Hakusikiliza Skola, alisikiliza nyuma yake. Akasikia king'ora kikilia mara mbili, kifupi: kiwanda cha majani chai kinabadilisha zamu. Akasikia mama akiita kuku kwa Kinandi. Akasikia kengele ya mkono, inapigwa polepole. "Ya shule hupigwa kwa fujo," akaandika. "Hii ni ya watu wa sala. Ni Nandi, karibu na kiwanda cha chai, na kuna masista. Kibiwott Sawe."

Jicho likafuata. Skola alikuwa amebadilisha picha yake ya WhatsApp: kikombe juu ya dirisha, hakuna uso. Metrine hakutazama kikombe. Alitazama nje ya kioo. Mteremko wa majani chai. Tangi juu ya mnara wa mawe. Paa la kijani, na bati moja ambalo halikupakwa rangi. Siku mbili, kila mara mwenye saiba alipokwenda kula, Metrine alifungua ramani ya satelaiti akapita juu ya kila kiwanda cha chai upande ule, paa kwa paa, kama mtu anayetafuta chawa kwenye nywele za mtoto. Akalipata. "Kaptendwet, nyumba ya wageni ya masista. Bati la tatu kutoka kushoto halina rangi. Pin hii hapa. Metrine Nasambu."

Kisha ulimi. Gathogo alitafuta namba ya duka lililo karibu na ile pin, akapiga, akasalimu kwa Kinandi.

"Chamgei, mama!"

"Chamgei mising. Nani mwenzangu?"

"Kijana wa mizigo, mama. Nina kifurushi cha mwalimu mgeni pale kwa masista, lakini mvua imekula jina."

"Si ni Skola?"

"Ee, huyo huyo! Ubarikiwe. Sasa nisije nikagongea sista mkubwa akanifukuza na fagio..."

Mama akacheka. "Usiogope. Yeye ako chumba cha mwisho, karibu na jikoni. Mlango wa buluu. Na umwambie maziwa yake yako hapa, leo hajakuja."

Gathogo akaandika: "Chumba cha mwisho, karibu na jikoni, mlango wa buluu. Gathogo Ndirangu."

Hiyo ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Makokha alijibu mara moja: "Mungu awabariki, wanangu. Naondoka sasa hivi." Hata hivyo alipata muda wa kutimiza ahadi kabla hajawasha gari. Akaweka picha ya barua ya kazi, ina mhuri, ina sahihi, ina tarehe ya kuanza. Mahali pa jina paliachwa wazi. Chini yake akaandika, "Mjaze wenyewe anayestahili."

Unajua ukitupa mfupa mmoja kwa mbwa watatu waliolala njaa miaka minne? Basi.

"Bila sikio langu mngetafuta Kenya nzima, kutoka Vanga mpaka Lokichoggio," Kibiwott akasema kwenye simu ya pamoja.

"Na wewe ungekaa na Nandi yako ukaifanyia nini?" Metrine akamkata. "Ungebisha hodi kila boma? Mimi ndiye niliyeleta nyumba."

"Nyumba ina vyumba kumi na vinne, dadangu," Gathogo akasema kwa ile sauti yake ya asali. "Mimi nilileta mlango. Mtu hakai kwenye ramani, anakaa kwenye chumba."

"Weh, wewe ulipiga simu moja tu!"

"Ya dakika mbili. Nyinyi mkahitaji siku tatu. Who is the professional hapa?"

Kundi likapiga kura. Kura zikagawanyika mafungu matatu, sawa kwa sawa. Kufikia hapo Metrine alikuwa ameshaifungua picha ya barua kwenye kompyuta ya saiba, akaandika jina lake pale palipoachwa wazi, ili aone tu linavyokaa. Lilikaa vizuri. Hata alimwita mwenye saiba aje aone.

Saa kumi alasiri, jina geni likaandika kwenye kundi.

"Mimi ni Konsolata, mdogo wake Skola. Sauti ile alinitumia mimi. Makokha alininyang'anya simu akajitumia sauti hiyo mbele yangu. Dada yangu hakupotea, nyinyi watu. Alikimbia. Alimkimbia yeye."

Akaweka picha tatu. Zilikuwa namba tatu za OB, kile kitabu cha polisi cha kuandika matukio, pamoja na tarehe tatu. Mara ya kwanza Skola alikwenda kituoni na jicho lililovimba. Mara ya pili alikwenda na mkono umefungwa kwenye kitambaa. Mara zote mbili aliambiwa, "Mama, haya ni mambo ya nyumbani, nendeni mkaongee." Mara ya tatu ofisa alimkaribisha kiti, akamwambia asubiri chai, kisha akatoka nje akampigia Makokha simu aje amchukue mkewe.

"Masista wamenipigia wakilia," Konsolata akaendelea. "Makokha amekuja na pikapu mbili na wanaume, wamemchukua. Hakuuliza njia kwa mtu yeyote. Alijua kiwanda. Alijua paa. Alijua mlango. Nani alimwambia?"

Watu elfu arobaini walisoma. Majina matatu kamili yalikuwa pale juu, kila moja chini ya kazi yake.

Pikapu zilifika nyumbani kwa Makokha jua likiwa bado liko juu. Skola hakuwamo. Makokha alisema Skola aliruka njiani, penye kona za msituni, na kwamba yeye amechoka kumfukuza mwanamke asiyetaka kutulia. Ijumaa asubuhi Konsolata akaenda kituoni. Akaambiwa dada yake ni mtu mzima, asubiri, maana kukimbia si ndiyo tabia yake? Na kule kwenye kundi admin alikuwa ameshaweka alama ya kijani: IMEKAMILIKA, MHUSIKA AMEPATIKANA. Akafunga maoni.

Ona basi. Skola alipokuwa hajapotea, watu elfu arobaini walimtafuta. Sasa amepotea, anatafutwa na mtu mmoja.

Jumamosi, Konsolata aliwaomba wale watatu waingie kwenye simu ya pamoja. Waliingia. Wale wale ambao Alhamisi kila mmoja alisema "ni mimi."

"Mimi nilisema Nandi tu," Kibiwott akaanza. "Nandi ni kubwa. Nani angempata kwa kuambiwa Nandi?"

"Mimi nilitoa paa," Metrine akasema. "Masista wangeweza kumkana, wakasema hayupo. Kulikuwa na nafasi ya kujificha."

"Na mimi nilifika mwisho, pin ikiwa tayari hadharani," Gathogo akasema, na kwa mara ya kwanza asali ilikuwa imeisha. "Pikapu zingekwenda tu. Wangevunja milango yote kumi na minne, basi."

Konsolata akasema, "Alhamisi mligombania. Leo mnasukumiana. Dada yangu alifungua mdomo wake akawaambia anachotaka. Mlisikia king'ora. Mlisikia kuku. Yeye je?"

Metrine akakumbuka, na jambo hilo likamchoma pahali asipoweza kupafikia kwa mkono: sauti ya Skola yeye aliisikiliza mara moja tu. Alikuwa na haraka ya kwenda kwenye picha. Sauti ya Makokha ndiyo aliyoirudia mara sita. Alifikiri juu ya yule mtu wa runinga aliyemwibia jina, jinsi alivyomlaani mwaka mzima. Makokha hakumwibia jina. Alimwachia liandikwe wazi, akalitumia kama tochi.

"Dada," Metrine akasema, "nipe la kufanya."

"Mnitafutie," Konsolata akajibu. "Lakini mmoja tu. Watatu siwaamini tena, mkiwa watatu mnashindana. Na mtakachopata, mnipe mimi, mkono kwa mkono, bila jina. Sasa niambieni ni nani."

Kila mmoja alijua kwamba kuchaguliwa ni kuaminiwa, na kwamba kujitolea ni kukiri hatia.

Haya, jibu sasa. Makokha hamo kwenye fumbo hili. Huyo jawabu lake ni pingu. Wamebaki watatu. Aliyesikia kwanza, ambaye bila yeye safari isingeanza? Aliyeona, ambaye alijua vizuri kuliko wote uchungu wa kusalitiwa na akausahau kwa ajili ya barua? Au aliyesema mwisho, aliyemdanganya mama wa duka na kuutaja ule mlango? Nani kati yao alimtia Skola mikononi mwa Makokha? Na ungekuwa wewe ndiye Konsolata, ungemkabidhi nani dada yako? Bishaneni. Msikubaliane upesi.

Lakini nyie mliokuwa zamu kituoni siku zile tatu, kaeni hapo hapo, msiondoke na wabishi. Ninyi hamkuwa na kipawa chochote na hamkukihitaji. Alikuja kwa miguu yake mpaka kaunta, mkaandika jina lake kwa kalamu ya serikali. Fungueni hicho kitabu mbele ya watu. Msome kwa sauti kila mlichoandika, na nani alipiga ile simu. Kisha mwingie kwenye yale magari ya kituo yenye mafuta, mwende kwenye zile kona za msituni, leo, na msirudi bila Skola.