Waya wa Taa Nyekundu

Bwana mmoja alinunua gari. Jina lake msiniulize, wenye jina hilo ni wengi. Akautangazia mtaa mzima: likodisheni kwa harusi zenu, na mke wangu akishikwa na uchungu, hatutamwomba mtu lifti. Mimba yenyewe walikuwa wameisubiri mpaka ndugu wakachoka kuuliza.

Basi taa nyekundu ikaanza kuwaka pale mbele ya usukani. Injini inachemsha. Anasimama, anaongeza maji, anaondoka. Kesho yake inawaka tena. Ikamwakia siku ya harusi, bibi harusi yumo ndani. "Hivi tutafika kweli?" akauliza, na wapambe wakacheka. Kicheko hicho ndicho kilichomuuma yule bwana. Injini haikumuuma.

Akaenda kwa fundi, amefura.

"Bosi, rejeta inavuja," fundi akasema. "Liache hapa nilishughulikie."

"Niliache, na nina harusi nyingine? Hiyo taa huwezi kuizima?"

"Naweza kukata waya wake. Lakini taa haina kosa, bosi."

"Nimekuuliza habari za kosa? Kata!"

Na fundi, akijua vizuri anachofanya, akakata.

Raha ilioje! Hakuna taa, hakuna maswali, hakuna wa kumcheka. Bwana akaanza kupiga miluzi akiendesha.

Uchungu ukamshika mkewe mchana kweupe. Wakaanza kupanda mlima kwenda hospitali. Nusu ya mlima mama yule akainua kichwa.

"Mume wangu, husikii harufu? Kama sukari inaungua."

Bwana akatupa jicho mbele ya usukani. "Taa imewaka? Haijawaka. Acha woga, wewe pumua."

Mnamsikia? Taa kaiua mwenyewe, halafu anaifanya shahidi wake!

Kona iliyofuata injini ikagonga, ikafuka mvuke, ikazima. Mtoto akazaliwa majanini, kando ya barabara. Hakulia. Yule bwana akapiga boneti kwa ngumi. "Gari gani hili? Si ungesema!"

Mkewe, amelala chini, hana nguvu hata ya kufukuza nzi, akamjibu: "Lilisema."

Mnafuta machozi? Futeni upesi, sijamaliza.

Mwezi uliopita binti wa kwaya alisimama papa hapa akasema mwalimu wake anamfungia mlango baada ya mazoezi na kumshika anavyotaka. Sisi tukafanya nini? Tukamwambia asiichafue nyumba ya Mungu. Tukamtoa kwenye kwaya yeye, mwalimu tukamwacha. Wapo waliojua kwamba anasema kweli, na bado wakanyoosha mkono atolewe. Tangu siku hiyo hatujasikia neno, nasi tunapeana mikono mlangoni tunasema, kanisa letu lina amani. Amani gani? Nani kati yetu amebaki na ujasiri wa kusema lolote?

Msiinamishe vichwa, sakafu haina jibu. Nawe mwalimu, uliyekaa mstari wa mbele na tai yako, funga hicho kinanda. Leo hakuna wimbo wa kufunga ibada. Wazee wawili watakupeleka kituo cha polisi, sasa hivi, kwa miguu, watu wakiona. Na sisi wengine, kina mama kwa kina baba, tunakwenda nyumbani kwa yule mtoto wa kwaya. Akitufungulia mlango, tutapiga magoti. Asipotufungulia, tutapiga magoti hapo hapo nje.

Haya, inukeni.