Kupuliza na Kuvuta

Kamba ya kisimani ni nyuzi tu, na jiwe la ukingoni ni jiwe. Lakini kamba ikipita palepale kila siku, jiwe huanza kulika. Wapo wanaolicheka neno hili la wahenga kwa sababu hawana subira ya kungoja. Hao hawakumjua Zaina, mke wa Alfani.

Siku hizo Kisangani ilikuwa bado inaitwa Stanleyville, na uhuru ulikuwa na umri wa miaka minne. Alfani alikuwa mpishi katika meli ya mtoni iliyokwenda Léopoldville. Kila alipokuwa nyumbani, ikiisha sala ya alasiri, aliketi barazani na kinanda chake cha mdomo, akampigia mama yake, Bibi Aziza, wimbo wa harusi aliourithi kwa baba yake. "Alfani anapuliza!" majirani waliambiana, nao wakasogeza viti. Harufu ya sombe, kisamvu cha huko, ilipotoka jikoni, mtu angedhani shida zimehama nchi. Alasiri zile zilikuwa tamu, nani asiyezitamani?

Mwezi wa saba wa mwaka 1964 Alfani aliondoka, akamwachia mama yake kile kinanda kama ahadi ya kurudi. Mwezi uliofuata waasi waliuteka mji, mto ukafungwa. Kisha ukaja uvumi kwamba meli yake imechomwa moto. Tangu siku hiyo Bibi Aziza akawa ni mtu wa chai na vijiko viwili vya uji. Sahani nyingine yoyote aliisukuma.

"Nitakula siku nitasikia ile kinanda," alisema.

Mwili ukamwisha, akabaki ngozi na mifupa. Zaina aliona wazi kwamba akikaa mikono kifuani, atamzika mama mkwe wake kabla mto haujafunguliwa. Akapiga moyo konde, akakitwaa kinanda.

Masikini, hakuwahi hata kupiga mluzi! Alipuliza mpaka mashavu yakauma. Midomo yake ilikamata matundu matatu kwa pamoja, ikatoka sauti ya bata aliyekanyagwa. Siku ya sita, pupa ikamponza, akaenda kumpigia mama mkwe. Nusu ya wimbo haikuwamo. Bibi Aziza aligeukia ukutani.

"Acha, Zaina. Uko nanizikia mutoto."

Maneno hayo, kana kwamba yeye ndiye anayemzika Alfani, yalimchoma Zaina kuliko pasi ya makaa. Alitoka mbio akilia, nia yake kukitupa kinanda chooni. Uani alikutana na Constant, fundi cherehani wa jirani, rafiki wa Alfani tangu utotoni.

"Nakusikiaka kila siku, mama," Constant alisema. "Uko napuliza tu. Vuta!"

Zaina akapandwa na hasira. "Nivute nini, tonton? Mi sivutake tumbako!"

Constant alicheka hadi akashika ubavu. "Hapana tumbako! Pumuzi! Bon, tundu moja iko na sauti mbili, moja ya kupuliza, moja ya kuvuta. Alfani anavutaka pia."

Kumbe! Kwa kuwa mtaa mzima ulisema "anapuliza", Zaina hakufikiri hata siku moja kwamba sauti nyingine huja pamoja na pumzi inayoingia. Alicheka, machozi yangali mashavuni.

Kuanzia hapo aliiacha pupa. Kila asubuhi, sombe ikichemka, alijifunza kipande kidogo tu, pumzi nje, pumzi ndani, akibana midomo ipate tundu moja. Tundu la saba lilimtesa wiki nzima. Midomo ilichanika, akaipaka mawese, akaendelea. Risasi zikilia upande wa Makiso, katikati ya mji, alinyamaza, zikikoma akaanza tena. Majirani walimwuliza kama bata wake ameshataga. Aliwaacha waseme. Hofu yake ilikuwa mkono wa mama mkwe, ambao kila alipouosha aliuona mwepesi zaidi.

Alasiri moja, mwishoni mwa mwezi wa kumi, aliketi kando ya kitanda, akapiga wimbo toka mwanzo hadi mwisho. Bibi Aziza hakugeukia ukuta. Alisikiliza, kisha akakunja uso.

"Hapo katikati umekosea. Rudia."

Zaina alirudia.

"Tena!"

Mara ya tatu kizee aliinuka kwa kiwiko, akaketi.

"Leta ile sombe," alisema. "Na wali, kama iko."

Alfani alirudi mwezi wa tatu wa mwaka uliofuata, akamkuta mama yake hai, tena ameanza kunenepa. Kumbe ule uvumi wa moto ulikuwa uongo. Baada ya kukumbatiana na kulia, alinyoosha mkono kukichukua kinanda chake.

"Ngoja kwanza," Bibi Aziza alimzuia, akamnyoshea Zaina kidole. "Omba mwenye kinanda."

Papo kwa papo kamba hukata jiwe.