Nguchiro Hana Maamuzi

Paukwa!
*Pakawa!*
Pakawa nini?
*Pakawa uwanja na mpira wa matambara!*
Na kando kakaa nani?
*Fisi na sahani yake!*

Haya, kaeni vizuri. Asiyeitikia atapangwa golini.

Hapo zamani wanyama wa bondeni walikuwa wakicheza mpira na ngiri wa mlimani. Sheria ya uwanja ilikuwa moja tu: mwenye mpira anakimbizwa mpaka autoe. Mgawaji wa mipira wa bondeni alikuwa Nguchiro, mama mwenye watoto wachanga, mwili mdogo, macho makali. Msimu huo mambo hayakumwendea vizuri.

Mpira ulimfikia, ngiri wakaja, gudu! gudu! gudu! Nguchiro akautoa kulia. Ngiri wakaunasa.

"Angetoa kushoto!" sauti ikatoka kando.

Mpira ukamfikia tena, ngiri wakaja, gudu! gudu! gudu! Nguchiro akautoa kushoto. Ngiri wakaunasa.

"Angetoa kulia!"

Akaushika kidogo, atazame. "Anaukumbatia kama mtoto wake!" Akautoa upesi. "Ana papara huyo!"

Aliyekuwa akisema ni Fisi, mwenyekiti wa ufundi. Alikaa juu ya kigoda, anatafuna. Fisi hakuwahi kucheza mpira maishani mwake, ndiyo maana alijua kila kitu. Mchezaji ambaye Fisi alisema hana maamuzi alihama bondeni, na akiba yake ya chakula ikabaki kwa Fisi. Kicheche alihama hivyo. Mbweha akahama hivyo. Fisi akanenepa.

"Nguchiro hana maamuzi," Fisi akasema, akijifuta mdomo. "Acheze mechi ijayo, kisha ahame."

"Ahame," akasema Mzee Nyumbu, mkubwa wa timu, ambaye siku zote alikubaliana na aliyesema mwisho.

Nguchiro moyo ulimuuma. Wanawe walikuwa hawajafumbua macho bado, na kiangazi kilikuwa kikali. Angehama nao kwenda wapi? Lakini mpira wa bondeni alikuwa akiushona yeye mwenyewe. Basi akapita nyuma ya kigoda, akachomoa kipande cha mafuta ya mkia wa kondoo kilichokuwa akiba ya Mbweha, akakishonea ndani ya matambara, kimya kimya.

Siku ya mechi akaenda kwa Fisi.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, mama."

"Ni kweli, sina maamuzi. Kulia sikujui, kushoto sikujui. Ingia wewe unionyeshe, mpira mmoja tu."

"Mimi nimestaafu."

"Ulistaafu lini?"

"Kabla sijaanza."

"Basi ukiutoa vizuri, nahama leo hii, na akiba yangu yote ni yako."

"Yote?"

"Yote. Na mayai."

Fisi akashuka kwenye kigoda.

Mpira ukamfikia. Ngiri wakaja, gudu! gudu! gudu! Kulia, Digidigi yuko peke yake. Kushoto, Kanga yuko peke yake, anapiga mabawa, pa! pa! pa!

"Toa kulia!"

"Toa kushoto!"

Fisi akainamisha pua. Akanusa. Akanusa tena. Gudu! gudu! Ngiri hao wamefika! Fisi akafumba macho.

Kwapu!

Mpira hakuna.

Ngiri wakasimama wakatazamana. Mzee Nyumbu akageukia kigoda, maana alizoea kuuliza huko. Juu ya kigoda alikuwa amekaa Nguchiro, anamalizia paja la kuku.

"Bi Nguchiro, hapo unasemaje?"

"Mimi simlaumu. Kulia ungenaswa, kushoto ungenaswa. Tumboni nani ataunasa? Ameamua vizuri."

"Asante, mama," akasema Fisi, akatabasamu.

"Ila hajautoa," akasema Nguchiro. "Na mwenye mpira anakimbizwa mpaka autoe."

"Mpaka autoe," akasema Mzee Nyumbu.

Ngiri wakamgeukia. Gudu! gudu! gudu! Fisi akampita Digidigi, akampita Kanga, akauvuka mpaka wa bonde, akatokomea. Hadi leo Fisi hukimbia kichwa kakigeuza nyuma. Na ngiri nao wakikimbia husimamisha mkia juu, kama kibendera cha pembeni, kuonyesha kwamba mchezo haujaisha.

Nguchiro akabaki bondeni na wanawe. Kigoda nacho akabaki nacho. Digidigi akawa mgawaji mpya. Mpira wake wa kwanza, ngiri wakaja, gudu! gudu! gudu! Akautoa kulia. Ukanaswa.

"Angetoa kushoto," akasema Nguchiro, mdomo umejaa.

Basi, wanangu, funzo ni hili: anayekaa kando ndiye anayeona vizuri. Mheshimuni, na sahani yake isikauke. Mimi hapa, kwa mfano, nimekaa tangu jioni.

Hadithi yangu imetoka nje ya uwanja. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chachu, mpelekeeni Fisi, yeye hachagui.