Hati ya Siwema Kutoka Japani

Mwalimu Kaoneka, mwenye ukumbi mkubwa wa ninjutsu, sanaa ya mapigano ya Kijapani, pale Morogoro, alijitangaza kuwa mrithi wa thelathini na nne wa maninja wa Japani. Siku moja alivamia ua wa gereji ambako Siwema alikuwa akiwafundisha ninjutsu wanafunzi wake kumi na mmoja, akafoka mbele yao.

"Nionyeshe hati ya nasaba yako, la sivyo ufunge darasa leo hii!"

"Shikamoo, mwalimu." Siwema alitoa ndani ya kitambaa cheusi karatasi iliyokunjwa, yenye maandishi ya Kijapani kwa nje. "Hii imetoka Japani yenyewe, lakini mimi Kijapani sikijui. Tusomee wewe uliye mrithi."

Kaoneka alijikohoza. Macho yote yalikuwa kwake.

"Naam! Haya ni maneno ya babu wa ukoo wetu. Anasema, 'Siri zangu zote namwachia Kaoneka.' Hati hii ni yangu!"

"Una hakika, mwalimu?"

"Naapa!"

"Basi ikunjue, utusomee na ndani."

Kaoneka aliikunjua. Ndani palichorwa gari limeinuliwa kwa jeki, na mtu akifungua nati za tairi.

"Na hapo," Siwema aliuliza kwa upole, "babu anasemaje?"